Jinsi ya kuandika historia ya tuzo ya sayansi ya nishati: anza na hela, washindi baadaye

Makala nyingi za historia ya tuzo zinazofika mezani kwangu zina sura moja. Aya ya kwanza inasema tuzo hii ni ya heshima kubwa, ya pili inataja mwaka ilipoanzishwa, kisha inafuata orodha ya majina hadi mwisho wa ukurasa. Msomaji anamaliza akiwa amejua tu kwamba duniani kuna watu wengi waliowahi kuvishwa medali. Nimehariri makala za sayansi kwa muda mrefu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kufuta neno "mashuhuri" na kumuuliza mwandishi: hela ya tuzo ilitoka wapi, na aliyeitoa alikuwa anatafuta nini?

Anza na swali hilo. Kwa tuzo za nishati lina uzito wa pekee, kwa sababu hakuna anayetoa hela kwenye fani hii bila kuwa na lake. Kuna wenye makaa ya mawe, wenye mafuta, wenye umeme, na serikali zenye mabomu ya atomu. Ukishamjua mtoaji, orodha ya washindi inaanza kusema yenyewe.

Mfano wangu mkuu hapa utakuwa tuzo za Rumford. Nimezichagua kwa sababu zina karibu kila mtego utakaokutana nao, na nyaraka zake zimehifadhiwa vizuri. Za wengine nitazipitia pale tu zinapoonyesha kitu ambacho tuzo za Rumford hazikionyeshi.

Mtafute mtoaji kabla hajawa jina la medali

Benjamin Thompson, mtu aliyekuja kuitwa Rumford, alizaliwa Woburn, Massachusetts, mwaka 1753. Vita vya uhuru wa Marekani vilipoanza alisimama upande wa mfalme wa Uingereza, akakimbilia London, mke na mtoto akawaacha nyuma. Baadaye alikwenda Bavaria kumtumikia mtawala wa huko. Alipanga upya jeshi, akafungua nyumba za kazi na majiko ya kulisha maskini wa Munich, na mwisho akapewa cheo cha Count. Jina Rumford alilichukua kwenye jina la zamani la mji wa mkewe kule New Hampshire, mji ambao tayari ulikuwa unaitwa Concord.

Maisha ya mtu huyu yanatosha kitabu, na hapo ndipo waandishi wanapopotea. Wewe unaandika historia ya tuzo, si wasifu wa mtoaji. Kwa hiyo chukua yale tu yanayoeleza kwa nini alitoa hela kwa ajili ya jambo hili na si lingine. Kwa Rumford jibu ni kwamba alikerwa na fueli inayoteketea bure. Alichukua meko za ukutani za Uingereza zilizokuwa zinajaza vyumba moshi, akapunguza kina chake, akazilaza kuta za pembeni ili joto lirudi chumbani, na akabana koo la dohani ili moshi upande juu kwa haraka. Majiko ya kupikia nayo aliyafunika ili moto ulambe chungu badala ya kupasha hewa.

Halafu kuna jaribio la mizinga, ambalo lazima uliweke. Kwenye karakana ya silaha ya Munich aliona jinsi pipa la mzinga wa shaba linavyopata moto wakati linapotobolewa. Akaweka kekee butu kwa makusudi, akazungushia shaba hiyo sanduku lenye maji, kama kilo 8 na nusu hivi, na farasi wakazungusha mtambo. Baada ya saa 2 na nusu maji yakachemka. Mwenyewe anaeleza jinsi waliokuwepo walivyoshangaa kuona maji mengi hivyo yanachemka pasipo moto wowote. Taarifa ilisomwa Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, mwaka 1798, na ikawa pigo kwa nadharia iliyosema joto ni aina ya kimiminika kilichojificha ndani ya vitu: kimiminika gani hicho kisichokwisha kadiri unavyokisugua?

Lakini sentensi ninayoipenda zaidi katika taarifa ile wengi hawainukuu. Rumford anatahadharisha kwamba hii si njia ya maana ya kupata joto. Anasema ungepata joto zaidi kama ungechukua majani anayolishwa farasi ukayachoma. Mtu aliyefikiri hivi mwaka 1798 alikuwa tayari anapiga hesabu za ufanisi wa nishati, kuanzia chakula cha mnyama hadi maji ya moto. Ukiweka sentensi hiyo kwenye makala yako, msomaji ataelewa tuzo yake ni ya nini bila wewe kumweleza.

Soma masharti, kisha piga hesabu

Mwaka 1796 Rumford aliandika barua mbili. Moja ilikwenda kwa Joseph Banks, rais wa Royal Society ya London, pamoja na pauni 1,000 zilizowekezwa kwenye hatifungani za serikali zenye riba ya asilimia 3. Nyingine ilikwenda kwa John Adams, ambaye wakati ule alikuwa makamu wa rais wa Marekani na pia rais wa American Academy of Arts and Sciences kule Boston. Hiyo ilikuwa na dola 5,000. Hebu tua hapo kidogo: mtu aliyeikimbia nchi yake akiwa upande wa adui anaiandikia barua taasisi ya nchi hiyo hiyo, kwa mmoja wa waasisi wake, akiipa hela. Na ikapokewa.

Masharti ya barua hizi ndiyo mifupa ya historia yote inayofuata, kwa hiyo yanakili kwa ukamilifu kwenye daftari lako kabla ya kufanya lolote. Tuzo itolewe kila baada ya miaka 2. Iende kwa aliyegundua jambo jipya au kufanya maboresho yenye manufaa kuhusu joto au mwanga, na yanayoelekea zaidi kuwafaa wanadamu yapewe kipaumbele. Ile ya London ni kwa kazi iliyofanyika Ulaya, ile ya Boston ni kwa kazi iliyofanyika bara la Amerika au visiwa vyake.

Sasa hesabu. Asilimia 3 ya pauni 1,000 ni pauni 30 kwa mwaka, yaani 60 kwa miaka 2. Barua ya London inataka medali mbili, moja ya dhahabu na moja ya fedha, zenye thamani ya pauni 60 kwa pamoja. Zinalingana. Rumford hakutoa namba kutoka hewani, alipanga mfuko usioliwa mtaji. Ukifanya hesabu hii ndogo kwa kila tuzo utajua kama mfuko wake ulijengwa kudumu au unategemea kampuni kutuma hundi kila mwaka, na hizo ni tuzo za aina mbili tofauti kabisa.

Tafadhali usibadilishe pauni 60 za mwaka 1796 kuwa fedha za leo. Namba utakayoipata haina maana na itakuwa imechakaa kabla makala haijasomwa. Ilinganishe na kitu cha zama zile. Nitakuonyesha chini namna ya kufanya hivyo.

Tenganisha tuzo zinazobeba jina moja

Barua mbili zimezaa tuzo mbili. Ya London inaitwa Rumford Medal, ya Boston inaitwa Rumford Prize. Mtoaji ni yule yule, mwaka ni ule ule, maneno yanafanana, na washindi ni tofauti. Nimeona makala zinazozichanganya ndani ya sentensi moja. Dawa yake ni nyepesi: kila tuzo iwe na ukurasa wake kwenye daftari, na juu ya ukurasa andika jina la taasisi inayoitoa, si jina la mtoaji.

Mtego unaofuatia ni wa tarehe. Tuzo moja inaweza kuwa na mwaka wa hela kutolewa, mwaka wa uamuzi, mwaka wa mshindi wa kwanza, na siku ya kukabidhi. Rumford Medal ilipata hela 1796, lakini mshindi wake wa kwanza ni wa mwaka 1800. Mwandishi akisema "ilianza 1800" na mwingine akisema "ilianza 1796", wote wako sawa, na msomaji amechanganyikiwa. Andika kilichotokea mwaka huo badala ya kitenzi "kuanza".

Na huyo mshindi wa kwanza wa mwaka 1800 ni nani? Ni Rumford mwenyewe. Hapa waandishi hugawanyika. Kuna wanaolificha jambo hili kwa aibu, na kuna wanaolitania kwa aya nzima. Liandike kwa sentensi moja kavu, kwamba aliipokea kwa uvumbuzi wake kuhusu joto na mwanga, kisha endelea. Yeye si mtu mdogo kwenye fani hiyo, jaribio la mizinga lilikuwa na miaka 2 tu. Msomaji acheke mwenyewe akitaka.

Miaka mitupu iandikwe

Orodha ya washindi inakuonyesha miaka ambayo tuzo ilitolewa. Historia mara nyingi imejificha kwenye miaka ambayo haikutolewa. Chukua kalamu uorodheshe mapengo.

Boston ilipokea hela 1796. Mshindi wa kwanza wa Rumford Prize ni Robert Hare, mwaka 1839. Hiyo ni miaka 43 ya ukimya kwa tuzo iliyotakiwa kutolewa kila baada ya miaka 2. Kwa nini? Kwa sababu masharti yalitaka kazi ya karibuni, yenye uzito, iliyofanyika Amerika, na wajumbe hawakuona anayefaa. Wakati huo huo riba ambayo haikutumika ilikuwa inarudishwa kwenye mtaji, kwa hiyo mfuko ukawa unanenepa bila kazi. Mwisho Academy ililazimika kwenda mahakamani ili masharti yalegezwe na hela iweze kutumika pia kwa vitabu, vifaa na mihadhara ya joto na mwanga.

Tazama basi Hare alipewa kwa lipi. Ni kwa bomba lake la kupuliza moto wa oksijeni na haidrojeni, moto mkali wa kuyeyusha hata platini. Bomba hilo alilibuni mwaka 1801. Kwa hiyo tuzo ya kwanza ilikwenda kwa kitu cha miaka 38 nyuma. Pengo la pili ni refu pia, kwa sababu baada ya Hare hakuna mwingine hadi John Ericsson mwaka 1862, kwa injini yake ya hewa ya moto.

Halafu bwawa likafunguka. George Corliss alipata 1869 kwa maboresho ya injini ya mvuke, Joseph Harrison akafuata 1871 kwa namna ya kutengeneza boila salama, Josiah Willard Gibbs 1880 kwa kazi yake ya thamodinamiki, yaani sayansi ya joto na nishati, na Thomas Edison 1895 kwa uchunguzi wa taa za umeme. Ukiweka pengo la miaka 43 kando ya msururu huu unaona nchi ikijenga viwanda. Hakuna haja ya kuandika kwamba "tuzo hii inaakisi maendeleo ya viwanda". Tarehe zimeshasema.

Soma kazi yenyewe, si tamko la tuzo peke yake

Kila mshindi ana tamko, yaani ile sentensi moja au mbili inayosema amepewa kwa lipi. Matamko yameandikwa na kamati, na kamati huandika kama kamati. Tamko la William Murdoch, mshindi wa Rumford Medal mwaka 1808, linamtaja kwa kuchapisha habari za kutumia gesi ya makaa ya mawe kwa mwanga. Ukiishia hapo, umeandika sentensi ambayo kila mtu ameiandika.

Nenda kwenye kazi yake. Majuzuu ya zamani ya Philosophical Transactions, jarida la Royal Society, yapo mtandaoni, na taarifa ya Murdoch ni fupi. Alikuwa fundi wa Boulton na Watt, watengenezaji wa injini za mvuke, na mwaka 1792 akiwa Redruth, Cornwall, alianza kuchoma makaa ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa na kuchukua gesi yake kwa mabomba. Taarifa ya 1808 inahusu kiwanda cha pamba cha Philips na Lee kule Manchester, kilichowekewa burna, yaani vichwa vya taa ambako gesi inawakia, 271 kubwa za aina ya Argand na 633 ndogo. Kwa pamoja mwanga wake ulilingana na wa mishumaa 2,500.

Kisha Murdoch anafungua daftari la hesabu. Taa zinawaka wastani wa saa 2 kwa siku mwaka mzima. Makaa ya kutoa gesi ni tani 110 kwa mwaka, pauni 125. Makaa ya kupasha vile vyombo ni tani 40, pauni 20. Kinachobaki baada ya gesi kutoka, yaani koki tani 70, kinauzwa kwa pauni 93. Kwa hiyo fueli yenyewe inagharimu kama pauni 50 tu. Lakini riba ya mtaji pamoja na uchakavu wa mitambo ni pauni 550. Jumla ni 600. Mishumaa ya mwanga ule ule ingekula pauni 2,000.

Soma tena namba hizo. Katika pauni 600, 550 ni za kufunga mitambo, na fueli ni kitu kidogo. Yeyote aliyewahi kupiga bei ya paneli za jua ataitambua sura ya hesabu hii. Na sasa pia una kipimo cha zile pauni 60 za medali. Ni zaidi kidogo ya gharama halisi ya fueli ya mwaka mzima kwa kiwanda hiki kikubwa. Hivyo ndivyo unavyoeleza thamani ya hela ya zamani.

Kuna jambo jingine la kuangalia kwa kila mshindi: nani mwingine alikuwa anadai? Wakati Murdoch anaandika, Frederick Albert Winsor alikuwa anahangaika kuanzisha kampuni ya gesi London, na mwaka 1807 alikuwa ameshawasha taa za gesi kwenye mtaa wa Pall Mall. Waajiri wa Murdoch walikuwa na biashara ya kulinda. Taarifa iliyosomwa mbele ya Royal Society, na medali juu yake, haikuwa elimu tupu. Hiyo si sababu ya kuidharau. Ni sababu ya kuieleza.

Tafuta maafa yaliyo nyuma ya medali

Sayansi ya fueli ina upande ambao hafla za medali haziutaji sana. Fueli huua. Kwenye orodha ya Rumford Medal mwaka 1816 kuna Humphry Davy, kwa taarifa zake juu ya mwako na miali ya moto. Inasomeka kama kazi ya maabara. Nyuma yake kuna mgodi wa Felling, kaskazini mashariki mwa Uingereza, uliolipuka tarehe 25 Mei 1812 na kuua watu 92, wanaume na watoto.

Davy aliombwa kusaidia, na mwaka 1815 alitoka na taa ya usalama. Mwali wa moto umezungukwa na wavu wa waya wenye matundu madogo sana. Gesi ya mgodini inaweza kuingia na kuwaka ndani ya wavu, lakini waya unanyonya joto kiasi kwamba mwali haupiti nje kwenda kuwasha gesi iliyozagaa. Siri yote iko kwenye ukubwa wa matundu na wingi wa waya, na taarifa zile za mwako ndizo zinazoeleza kwa nini.

Hapa pia kulikuwa na mdai mwingine. George Stephenson, fundi wa mgodi wa Killingworth, alikuwa amejaribu taa yake mwaka huo huo wa 1815. Wenye migodi walimpa Davy zawadi ya pauni 2,000, na wafuasi wa Stephenson wakachanga 1,000 kwa ajili ya mtu wao. Mwandishi mzuri hawi hakimu kwenye ugomvi huu. Anaeleza kwamba walifanya kazi kila mtu kivyake, na kwamba mmoja alikuwa na Royal Society nyuma yake na mwingine hakuwa nayo. Pia usiandike kwamba taa ilikomesha milipuko. Ilipopatikana, wenye migodi waliingia kwenye matabaka yenye gesi ambayo awali hayakuwa yakiguswa.

Ile zawadi ya wenye migodi ilikuwa vyombo vya fedha vya mezani. Davy alivirithisha, na vikaishia mikononi mwa Royal Society baada ya kufariki ndugu yake John. Vikayeyushwa, vikauzwa, na hela yake ikaanzisha tuzo nyingine, Davy Medal, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1877 kwa Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff. Fuatilia hela hiyo kutoka mwanzo: makaa ya mawe, wenye migodi, sahani za fedha, medali. Ukiwa na bahati ya kupata mnyororo kama huu, upe nafasi hata kama utalazimika kuwaondoa washindi 10 wa kawaida.

Taasisi hubadili majina, ujue la zamani

Tuzo za karne ya 20 zina tatizo lao. Chukua medali ya Melchett. Imepewa jina la Alfred Mond, Lord Melchett, mmoja wa waliounganisha kampuni 4 kubwa za kemikali mwaka 1926 kuunda Imperial Chemical Industries, yaani ICI. Iliyokuwa ikiitoa ni Institute of Fuel ya London, iliyoundwa 1927 na ambayo Mond alikuwa rais wake. Taasisi hiyo baadaye iliitwa Institute of Energy, na mwaka 2003 ikaungana na Institute of Petroleum kuwa Energy Institute. Ukitafuta kwa jina la sasa peke yake, miaka yote ya mwanzo haitoki. Kwa hiyo kabla ya kutafuta chochote, andika majina yote ya taasisi na vipindi vyake, kisha tafuta kwa kila jina.

Miongoni mwa waliopewa Melchett yumo Friedrich Bergius, Mjerumani aliyebuni namna ya kugeuza makaa ya mawe kuwa mafuta kwa kutumia haidrojeni na shinikizo kubwa, na ambaye mwaka 1931 aligawana Nobel ya kemia na Carl Bosch. ICI nayo ilijenga kiwanda cha petroli ya makaa kule Billingham, kilichofunguliwa 1935. Je, Bergius alipewa kwa sababu ya maslahi ya kampuni ya mtu aliyeipa medali jina? Usiseme hivyo. Sema mambo yote mawili moja baada ya jingine, kwa tarehe zake, na uache nafasi. Kazi ya Bergius ilistahili medali hata kama ICI isingekuwepo. Ila msomaji ana haki ya kujua meza ilikuwa imepangwa vipi.

Serikali ikiwa ndiyo mtoaji

Kwa tuzo za serikali, soma magazeti ya mwaka husika pamoja na tamko. Enrico Fermi Award ya Marekani ndiyo darasa langu la kila siku kwa jambo hili. Fermi mwenyewe, mwanafizikia wa nyuklia, alipewa hela na tume ya nishati ya atomu ya nchi hiyo mwezi Novemba 1954, siku chache kabla ya kufa, na tuzo ikaja kubeba jina lake. Mwaka 1963 ilikwenda kwa Robert Oppenheimer, aliyeongoza maabara iliyotengeneza bomu la kwanza la atomu. Huyu ni mtu ambaye mwaka 1954 tume hiyo hiyo ilimnyang'anya kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kuona siri za serikali. Uamuzi ulifanyika Kennedy akiwa hai. Aliyekabidhi tuzo tarehe 2 Desemba 1963 ni Lyndon Johnson, siku 10 baada ya Kennedy kuuawa. Na tarehe hiyo haikuchaguliwa ovyo. Ni kumbukumbu ya tanuri la kwanza la nyuklia, lililowashwa Chicago tarehe 2 Desemba 1942 chini ya Fermi. Sentensi kavu ya tamko haina hata moja ya haya.

Mwaka 1966 walipewa watatu: Otto Hahn, Lise Meitner na Fritz Strassmann, kwa ugunduzi wa kupasuka kwa kiini cha atomu. Meitner alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata. Nobel ya ugunduzi ule, ya mwaka 1944, ilikuwa imekwenda kwa Hahn peke yake. Meitner alikuwa mzee na dhaifu, hakuweza kwenda Vienna walikokabidhiwa wenzake, kwa hiyo Glenn Seaborg, mwenyekiti wa tume, alimpelekea Cambridge kwa mkono wake. Ukiwa na nafasi ya tukio moja tu la kukabidhi tuzo katika makala yako yote, weka hili, na hafla za zulia jekundu uziruke.

Kupanga na kuandika

Daftari langu lina safu 5 kwa kila mshindi: mwaka wa tuzo, mwaka wa kazi yenyewe, kazi ni ipi kwa maneno yangu, nani mwingine alikuwa anadai, na aina ya nishati. Safu ya pili ukiitoa kwenye ya kwanza unapata umri wa kazi wakati inatuzwa. Kwa Murdoch kazi ya kiwandani ilikuwa mbichi kabisa. Kwa Hare ilikuwa na miaka 38. Safu ya mwisho, ukiipitia kwa rangi kutoka juu hadi chini, inakuonyesha lini makaa yalipisha mafuta na lini atomu iliingia. Mara nyingi aya bora ya makala inatoka hapo.

Unapoandika, usimtaje kila mshindi. Orodha kamili iweke mwishoni kama jedwali, na kwenye maandishi wabaki wachache wenye kisa. Mfuko wa tuzo na masharti yake vipate nafasi kubwa kuliko hafla. Neno "wa kwanza" likaguliwe kila linapotokea, kwa sababu ndilo linalokosewa zaidi: wa kwanza kupewa, wa kwanza kubuni na wa kwanza kuchapisha ni watu watatu tofauti mara nyingi kuliko unavyodhani. Sifa za jumla zote zifutwe. Kama tuzo ni kubwa, washindi wataonyesha.

Kazi ya mwisho kabla ya kumtumia mhariri ni kulinganisha orodha yako na za tuzo jirani. Enrico Fermi yumo kwenye Rumford Prize ya mwaka 1953, mwaka mmoja kabla ya tuzo yake mwenyewe. John Goodenough alipata Fermi Award ya mwaka 2009, na Akira Yoshino alipata Global Energy Prize ya Urusi mwaka 2013, wote kabla ya kuitwa Stockholm kupokea Nobel ya mwaka 2019 kwa betri za lithiamu. Weka alama kwa kila jina linalojirudia na mwaka wake. Tuzo yako ikiwa inatangulia nyingine mara kwa mara, au inafuata nyuma kila mara baada ya Nobel kupita, hilo ni jambo la kuandika, na liwe na aya yake mara tu baada ya masharti ya mtoaji.